Siku Niliyosaini Vitabu vya Mdogo Wangu

Aibu hii nimeibeba miezi saba sasa, na kwa kuwa kila mmoja wenu ameshaisikia kwa mtu mwingine, tena ikiwa imetiwa chumvi ya kutosha (huko sokoni wanasema nilitokea dirishani nikakimbia, sikukimbia popote, darasa lile hata madirisha halina, lina matundu ya matofali tu), nimeona bora niisimulie kwa kinywa changu mwenyewe, ili mcheke mkijua mnachokicheka.

Kwanza mjue jina. Mimi ni Hamza Issa Namwela, nafundisha Kiswahili sekondari hapa Newala, huu mwaka wa ishirini na sita. Mdogo wangu tuliyepishana miaka minne ni Halima Issa Namwela, yuko Mtwara, zamani bibi shamba, sasa mwandishi. Ukiyafupisha majina yetu wote wawili unapata H. I. Namwela, na hilo ndilo jina lililoko kwenye majalada ya vitabu vyake vyote. Vyangu havipo. Yaani changu kipo, kimoja, riwaya iitwayo *Upweke wa Mkorosho*, niliiandika miaka tisa, nikaichapisha kwa gharama zangu, nikaweka jina refu lote pamoja na cheo, Mwalimu Hamza Namwela, na nakala zilizobaki ziko chini ya kitanda, mchwa wamezisoma kuliko watu.

Halima yeye haandiki, anamwaga. Alianza na kijitabu cha mikorosho, namna ya kupambana na ule ugonjwa wa ubwiriunga, na hapo sikuona tatizo, nikasema vizuri, mdogo wangu ameandika kuhusu kazi yake. Mwaka uliofuata akatoa kitabu cha mapishi, ming'oko na kisamvu na mambo ya mabibo makavu. Nikanyamaza. Halafu ikaja riwaya, *Maji ya Bondeni*, halafu *Barua kwa Mwali Wangu*, hicho cha kuwafunda mabinti wanaoolewa, halafu ngano za watoto, halafu historia ya visima vya huku kwetu uwanda wa juu, halafu (nilipoambiwa hili nilikuwa nakunywa chai, nikaungua ulimi) riwaya ya upelelezi, *Nani Alimuua Karani wa Ghala*. Na vyote, mbolea na mapenzi, maiti na mapishi, vyote chini ya jina moja, H. I. Namwela, kana kwamba hakuna mpaka duniani. Mimi nilikuwa nikiwaambia walimu wenzangu kwamba mwandishi wa kweli huchimba kisima kimoja mpaka ayafikie maji, lakini Halima anapekuapekua kama kuku uani. Maneno mazuri, niliyapenda mwenyewe. Ila usiku wa moyo wangu nilijua jambo moja, kwamba kuku yule kila anapopekua anapata mdudu, na mimi na kisima changu bado tuko kwenye vumbi.

Kila kitabu kikitoka alinitumia nakala. Kila nakala niliiweka kabatini ikiwa ndani ya nailoni yake. Sikufungua hata kimoja. Mke wangu, Mama Zawadi, alikuwa akivitoa kimyakimya na kuvisomea jikoni, nikawa namsikia anacheka peke yake, na siku moja nilimkuta analia mbele ya mafiga, nikamwuliza moshi, akasema ndiyo, moshi, na moto ulikuwa haujawashwa.

Basi, siku yenyewe. Ilikuwa Jumamosi, nikateremka Masasi kwenda kudurufu mitihani ya kidato cha tatu, maana mashine ya shuleni ilikuwa imeharibika. Kuna duka moja la steshenari huwa napeleka kazi zangu, lina rafu ya vitabu pembeni, na rafu ile naijua vizuri kwa sababu niliwahi kuacha pale nakala tano za *Upweke wa Mkorosho*, na kila nikirudi nazikuta tano. Siku hiyo hazikuwepo. Moyo ukaruka. Nikamwuliza mwenye duka, akaniambia amezihamishia stoo kupisha vitabu vya Namwela, na akanionyesha kwa kidole rafu nzima, safu tatu, nyuma na mbele.

Nikiwa bado nimesimama pale na uchungu wangu, mama mmoja aliyekuwa anachagua vitabu akaitazama bahasha yangu ya kaki. Nilikuwa nimeandika juu yake kwa herufi kubwa jina la mtunga mtihani, kama tunavyotakiwa, H. I. NAMWELA. Akaisoma, akanitazama usoni, akaisoma tena. Mama wa makamo, kitenge kimefungwa vizuri, mikononi ana *Barua kwa Mwali Wangu* nakala mbili.

"Shikamoo," akasema. "Samahani. Ni wewe?"

Sasa ndugu zangu, hapo ndipo palipoamuliwa kila kitu. Nilikuwa na majibu mengi. Ningeweza kusema ni mdogo wangu. Ningeweza kusema majina yamefanana. Lakini mama yule alikuwa ananitazama kwa namna ambayo hakuna mtu amewahi kunitazama kwa sababu ya maandishi, hata siku ninayorudisha insha darasani, na nyuma yake zilikuwepo zile safu tatu.

"Marahaba," nikasema. "Ndiyo mimi, H. I. Namwela."

Na nikajiambia moyoni kwamba sijasema uongo. Muulizeni kadhi, muulizeni padri, hilo ni jina langu, alinipa baba yangu miaka minne kabla ya kumpa yeye.

Mama yule alikuwa Mama Tatu, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa Chiwata, ambao hukutana kusoma kitabu kimoja kila mwezi, anayejua kusoma anawasomea wasiojua. Wamesoma vitabu vya Namwela vyote. Akaniambia wamebishana mwaka mzima kama mwandishi ni mwanamke au mwanamume, kwa kuwa kitabu hakina picha, kina namba ya simu tu nyuma, na nani atathubutu kumpigia mwandishi. Yeye alikuwa upande wa mwanamke, kwa ajili ya zile barua, lakini sasa ameona mwenyewe. Kisha akaniambia Mungu ana miujiza yake, maana leo hii saa sita wanafungua kabati la vitabu la kikundi katika darasa la shule ya msingi pale kijijini, na yeye ndiyo kaja mjini kuongeza nakala, na je, mwandishi mwenyewe hawezi kuja akae nao japo saa moja tu.

Nilipaswa kusema nina mitihani. Nilikuwa nayo kweli, mkononi. Lakini nilisema nitakuja, nikamwachia mwenye duka kazi yangu, na baada ya nusu saa nilikuwa juu ya pikipiki nyuma ya dereva, Mama Tatu mbele yetu kwenye pikipiki nyingine na kitenge chake kinapepea, tunaelekea Chiwata, na mimi njiani nafanya mazoezi ya sahihi. (Sahihi yangu ya kawaida ni Hamza na mkia. Nilikuwa natafuta ya H. I.)

Tulikuta watu. Nilitegemea akina mama kumi, walikuwa zaidi ya hamsini, na waume zao wengine wamesimama mlangoni, kwa sababu Mama Tatu alikuwa ametangulia kupiga simu. Walinipokea kwa vigelegele, nikakalishwa kiti chenye foronya, na kuku akakamatwa mbele ya macho yangu. Nikaambiwa nikate utepe wa kabati. Nikaukata. Kisha wakaleta vitabu nitie sahihi, kumi na kimoja, nikavisaini vyote, na nitawaambia ukweli, sijawahi kuandika kitu chochote kwa raha kama nilivyoandika jina lile mara kumi na moja.

Halafu yakaja maswali. Aliyesimamia maswali alikuwa mtunza ufunguo wa kabati, Mama Rehema, mwanamke mwembamba mwenye macho yasiyopepesa, mkulima wa mikorosho hasa. Akaanza mwenyewe. Akasema kitabu cha ubwiriunga kimemwokolea shamba, ila ukurasa mmoja ulilowa mvua, basi anaomba nimkumbushe, kupuliza salfa tunaanza lini.

Mimi ni mtoto wa Newala, nimekulia chini ya mikorosho, lakini shamba la baba lilihudumiwa na Halima na vibarua, mimi nilikuwa nasoma. Nikakohoa. Nikasema tunaanza pale korosho zinapoanza kudondoka.

Waume mlangoni wakatazamana. Hata mtoto wa chekechea wa huku anajua salfa hupulizwa mikorosho inapochanua, korosho zikidondoka umeshavuna au umeshapata hasara. Nikajishika, nikacheka, nikasema nilikuwa nawapima kama wamesoma, na darasa likacheka kwa ahueni, wakasema kumbe mwalimu kweli. Mama Rehema hakucheka. Aliandika kitu kwenye daftari lake.

Mwingine akauliza kuhusu karani wa ghala, kwamba wao wamegawanyika makundi mawili, wapo wanaosema shemeji yake ndiye aliyemuua na wapo wanaosema shemeji anasingiziwa, basi mwenyewe nimalize ubishi. Mimi hata sikujua karani ana shemeji. Nikakunja mikono nikasema kwa sauti ya chini kwamba mwandishi kazi yake ni kufungua mlango, anayeingia na kuamua ni msomaji. Jamani, walipiga makofi. Makofi yale yaliniingia mwilini kama uji wa moto asubuhi ya baridi, na nikafikiri, hivi ndivyo Halima anavyoishi, kila mwezi, kila mahali, ndiyo maana haachi.

Kisha binti mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akasema barua ya saba ilimsaidia sana, ile ambayo mwandishi anaeleza mimba yake ya pili, miguu ilivyomvimba mpaka akavaa malapa ya mumewe, na akataka kujua, baba, hayo uliyajuaje.

"Mwandishi huazima sauti," nikasema.

"Na maziwa ya barua ya nane," akauliza Mama Rehema, "nayo uliazima?"

Wakacheka mpaka wale wa mlangoni wakashikana mabega. Nilicheka nao. Jasho lilikuwa limenishuka mpaka kiunoni, miwani inateleza (mkono wake mmoja wa kushika sikio ulikuwa umekatika, nimeufunga uzi mweusi), lakini nilikuwa bado sijataka kuondoka, na hilo ndilo linalonishangaza hadi leo. Nilikuwa naungua na bado nasogelea moto.

Mbele kabisa, kwenye mkeka, alikuwa amekaa bibi mmoja, Bibi Somoe, macho yake yameingia ukungu. Akasema yeye hana swali. Anachoomba ni kusomewa na mwenyewe aliyeandika, ile sehemu ya dirisha katika *Maji ya Bondeni*, maana akina Mama Tatu wameshamsomea mara nyingi ila hajaisikia kwa sauti ya mwenyewe. Wakanipa kitabu kikiwa kimeshafunguliwa, ukurasa umechakaa kwa vidole.

Nikasimama, nikasoma. Nilisoma vizuri, kusoma ndiyo kazi yangu. Msichana wa kwenye riwaya anatoka kuteka maji bondeni na kaka yake. Mnajua wenyewe njia zile kabla ya bomba, unashuka alfajiri unapanda jua limekolea. Kaka amepewa insha na mwalimu na hana la kuandika. Nikaendelea kusoma.

"Nilimsimulia njia nzima," nikasoma, "habari ya mwanamke aliyesikia ndoo yake ikimwita kwa jina. Kesho yake nilipita shuleni kwao na maji, nikasimama nje ya dirisha. Kaka alikuwa mbele ya darasa anaisoma. Maneno yalikuwa yangu mpaka pale ninapovuta pumzi. Darasa lilipompigia makofi sikulia. Nilitua ndoo chini, nikasimama wima, nikayapokea."

Sikuweza kuendelea.

Insha ile mimi naikumbuka. Nilikuwa darasa la saba. Mwalimu aliibandika ukutani. Kwa insha ile niliambiwa nina kipaji, kwa insha ile niliamua niwe mwalimu wa Kiswahili, nimewasimulia wanafunzi wangu habari za ile insha kila mwaka kwa miaka ishirini na sita, jinsi ilivyonijia, na katika kusimulia kote sijawahi hata mara moja kutaja njia ya bondeni wala aliyekuwa anatembea nyuma yangu na ndoo. Nilikuwa nimesahau? Sitaki kusema nilisahau. Nilikuwa nimeisimulia vibaya muda mrefu mpaka ikakubali.

Nikavua miwani. Darasa zima likadhani mwandishi amezidiwa na maandishi yake mwenyewe. Akina mama wakaanza kufuta machozi, Bibi Somoe akanyoosha mkono akanigusa mguu, akaniombea dua. Nilitamani ardhi ipasuke.

Badala yake ilisikika simu inaita. Mama Rehema, wakati mimi nasoma, alikuwa amegeuza kitabu chake nyuma na kupiga namba iliyopo pale, na sasa ameweka sauti ya juu, simu ameinua mbele ya kila mtu.

"Haloo," ikasema sauti ya Halima.

Mama Rehema akamsalimia kwa adabu zote, akaomba radhi kwa usumbufu, akasema amepata namba nyuma ya kitabu. Kisha akasema, bila haraka, kwamba hapa Chiwata wako na mwandishi, Bwana H. I. Namwela mwenyewe, ametia sahihi na amesoma, basi yeye anauliza tu, wewe unayepokea simu yake ni nani wake.

Nilisikia kuku wa kwake wanalia kule Mtwara. Watoto waliokuwa wanachungulia kwenye matundu ya matofali wakasukumana kupata nafasi.

"Miwani yake imefungwa uzi mweusi?" akauliza.

"Ndiyo," akasema Mama Rehema, akinitazama sikioni.

"Huyo ni kaka yangu, Mwalimu Hamza," akasema Halima. "Mimi ndiye niliyeandika. Nimemtuma aje kwa niaba yangu, leo nina homa. Mpeni maji ya kunywa, hapendi kuomba."

Mnaona alivyofanya? Sekunde tatu tu. Alitunga homa, alitunga safari, alinitunga mimi nikawa mtu mwema, na hadithi ikasimama yenyewe bila nguzo. Darasa likashusha pumzi. Watu wakaanza kusema ah, kumbe katumwa, ni kaka mtu, si angesema tu. Mama Tatu akafumba macho kama mtu aliyeepushwa na kuanguka, maana ni yeye aliyenileta. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nilichotakiwa ni kutikisa kichwa.

Sasa hapa huwa watu wananisifu, na mimi nawaomba msinisifu. Sikufanya nilichofanya kwa uchaji. Nilifanya kwa wivu uleule. Nilimsikia akiwa mkarimu mbele ya watu wale, kwa ufundi wote ule, nikaona kwamba nikikubali, basi hata heshima yangu ya siku hiyo itakuwa imetungwa na Halima, itakuwa kitabu chake kingine, na sikuweza. Sikuweza kumpa na hicho.

"Hakunituma," nikasema. "Hajui kama niko hapa. Nilikutana na Mama Tatu dukani akanidhania, nikamwacha anidhanie. Vitabu vyake sijasoma hata kimoja. Huu ukurasa ndio wa kwanza. Na huyo kaka wa dirishani ni mimi."

Simu ilikuwa bado hewani. Halima alisikia yote. Akasema tu, taratibu, "Haya, kaka," akakata.

Hakuna aliyezomea. Ningependa wangenizomea. Waume wa mlangoni waliondoka mmoja mmoja wakiinama, kama watu wanaotoka msibani. Bibi Somoe akamwuliza wa jirani yake nini kimetokea, na nikalazimika kukaa pale nikisikia inavyoelezwa kwa Kimakonde, polepole, pamoja na mikono, kuanzia mwanzo. Alipoelewa aliondoa mkono wake kwenye mguu wangu. Alikuwa bado ameushika muda wote huo.

Mama Tatu ndiye aliyenimaliza. Alikuwa amesimama karibu na kabati, na nilijua anayefedheheka kijijini si mimi, mimi nitapanda pikipiki, ni yeye atakayebaki hapa akiwa mwanamke aliyeleta mwandishi wa uongo. Akaja mbele yangu.

"Kaa ule, Mwalimu," akasema. "Kuku ameshapikwa."

Nikala. Nililetewa sahani peke yangu, ugali wa muhogo, kisamvu cha karanga na paja la kuku, na nilikula mbele ya watu waliokuwa hawaongei. Sijui kama mmewahi kula chakula kitamu mkiwa hamstahili. Kila tonge lina mfupa.

Nilipomaliza kunawa, Mama Rehema akaleta vile vitabu kumi na kimoja, akavipanga mezani, kila kimoja kimefunguliwa pale penye sahihi, akaniwekea kalamu. Nikadhani anataka nifute. Akasema hawawezi kuchana kurasa za vitabu vya kikundi na wino haufutiki, basi niandike chini yake mimi ni nani, ili atakayesoma mbele ya safari asipotee. Nikaandika. Chini ya kila H. I. Namwela niliandika, *kaka yake*. Mara kumi na moja, mwandiko wangu wa ubaoni, nao wamenizunguka wanahakikisha herufi.

Kama mnafikiri iliishia pale, hamjui simu za siku hizi. Kulikuwa na kijana mlangoni aliyerekodi, na nilipoteremka pikipiki Masasi mwenye duka la steshenari alinikabidhi mitihani yangu bila kunitazama usoni, na akaniuliza kama zile nakala tano za stoo nitazichukua. Nilizichukua. Jumatatu nilipoingia kidato cha tatu kuita majina, kijana mmoja wa nyuma, badala ya kusema nipo, akasema nimetumwa. Darasa likafa kwa kicheko. Nikaendelea kuita majina.

Siku ya tatu Mama Zawadi alitoa *Maji ya Bondeni* kabatini, akaifungua ile sehemu ya dirisha, akaiweka kando ya sahani yangu, akaenda zake. Ukurasa ulikuwa na madoa ya maji yaliyokauka. Ndipo nikajua siku ile jikoni haukuwa moshi, na kwamba mke wangu amelala ubavuni mwangu mwaka mzima akijua.

Na Halima? Nilimpigia nikiwa nimejiandaa, nimeandika kwenye karatasi radhi zangu zote kwa mpangilio. Akaniacha nisome mpaka nusu, kisha akaniuliza kama ile insha bado ninayo. Nikamwambia sina, mwalimu aliibandika ukutani na mvua ya mwaka ule ikaezua darasa. Akasema basi, kuna maneno mawili hayakumbuki vizuri, alitaka kuyahakiki. Alikuwa hanikasirikii. Alikuwa anahakiki. Nikaona tofauti yetu hapo, na iliniuma mahali papya.

Mwezi uliofuata akaenda mwenyewe Chiwata, akamwomba Mama Tatu radhi kwa niaba ya nyumba yetu, na akanitaka niende naye. Nilikwenda. Nilikaa kwenye mkeka nyuma, karibu na mlango, na kazi niliyopewa ilikuwa kumsomea Bibi Somoe pale ambapo wengine wanasoma kimya. Mwanzoni alikuwa ananiketisha mbali kidogo. Siku hizi ananiambia nisogee, ila si karibu sana, na mimi nasogea pale aliponionyesha.

Nimejiapiza mambo mawili, na shahidi ni mke wangu. La kwanza, sitaitia H. I. mahali popote, hata kwenye bahasha ya mtihani, mimi ni Hamza basi, na mtu akinifananisha na mwingine namwambia kabla hajamaliza kusalimia. La pili, nasoma vitabu vyake kwa mpangilio kama vilivyotoka, bila kuruka, hata cha mapishi. Kama mtu ana ndugu aliyempita, namshauri afanye hivyo mapema, ahakikishe amepitwa na kitu gani hasa, maana wivu wa kitabu usichokisoma hauna mwisho, unakijaza mwenyewe.

Ila msidhani umeisha. Juzi amenitumia kipya, kinahusu ufugaji wa nyuki. Nyuki! Ni lini amefuga nyuki? Nimeshika nailoni ile nikahisi kidole cha baridi kinanipita mgongoni kama zamani. Nikaichana palepale, nikakaa barazani nikaanza. Nimefika ukurasa wa arobaini. Ni kizuri, jamani. Ni kizuri sana, na kinaniuma.